Kikao kisichodai ada: Jinsi mraibu wa pombe anavyoweza kupata wenzake wa kumsaidia kuacha

WAHENGA walinena kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Hata hivyo, yupo mgonjwa ambaye sikio lake husikia vyema, moyo wake hukubali alichoambiwa, na bado jioni inapoingia miguu humpeleka kule kule alikoapa jana kutokanyaga tena. Mgonjwa huyo ni mraibu wa pombe.

Huapa mbele ya mkewe. Huapa mbele ya mchungaji na wazee wa ukoo, na mara nyingi huwa anasema kweli anapoapa. Wiki hupita, pengine mwezi mzima. Kisha mshahara huingia, au msiba hutokea, au hakuna lolote linalotokea, naye hujikuta kwenye kiti kile kile cha baa akijiambia kuwa ni chupa moja tu ya kuzimua.

Majirani humwita mtu asiye na msimamo. Utabibu una jina tofauti. Mnamo mwaka wa 1956 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitangaza kuwa ulevi wa aina hii ni ugonjwa, na leo Shirika la Afya Duniani (WHO) huuorodhesha uraibu wa pombe pamoja na maradhi mengine. Humu nchini, utafiti wa mwaka wa 2022 wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Matumizi Mabaya ya Pombe na Dawa za Kulevya (NACADA) ulikadiria kuwa mtu mmoja kati ya kila 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ni mraibu wa pombe. Hao ni zaidi ya watu milioni 1.3.

Sheria zimetungwa. Ile ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010, ambayo wengi huijua kama Sheria ya Mututho, iliziwekea baa saa za kufungua na kufunga. Lakini hakuna sheria inayoweza kumshika mtu mkono saa moja jioni ili aupite mlango wa baa bila kuingia. Kazi hiyo huhitaji binadamu mwenzake, na hasa binadamu aliyewahi kushindwa kuupita mlango huo huo.

Ndiyo maana swali la makala haya ni jepesi kulitamka ingawa si jepesi kulitekeleza: mtu aliyekwisha kukata shauri kuacha pombe, atawapata wapi wenzake?

Simu kutoka hotelini

Vikundi vinavyojulikana zaidi duniani kwa kazi hii ni vile vya Alcoholics Anonymous, au AA kwa ufupi, maana yake walevi wasiotajwa majina. Asili yake inafaa kusimuliwa, kwa kuwa ilianza na mtu aliyekuwa akitafuta kile kile ambacho msomaji wa makala haya huenda anakitafuta.

Mwezi Mei mwaka wa 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeanguka. Alikuwa hajagusa pombe kwa takriban miezi mitano, baada ya miaka mingi ya kulewa chakari na kulazwa hospitalini mara kadhaa. Sasa alisimama peke yake katika ukumbi wa hoteli, akisikia sauti za watu waliokuwa wakijiburudisha ndani ya baa.

Wilson alijua kuwa akiingia, amekwisha. Badala yake aliiendea simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji huo ambao hakuwafahamu. Hakuwaomba mahubiri wala ushauri. Aliwaomba wamwelekeze kwa mlevi mwenzake ambaye angeweza kuzungumza naye. Simu hizo hatimaye zilimfikisha kwa daktari wa upasuaji aliyeitwa Bob Smith, ambaye ulevi ulikuwa umekaribia kumwangamiza. Daktari huyo alikubali kuzungumza kwa robo saa tu. Walikaa kwa saa kadhaa.

Smith aliteleza mara moja baada ya hapo. Kinywaji chake cha mwisho huhesabiwa kuwa cha Juni 10, 1935, na siku hiyo ndiyo AA huichukulia kuwa ya kuzaliwa kwake. Smith alifariki mwaka wa 1950 na Wilson mwaka wa 1971, wote wawili wakiwa hawajarudia pombe.

Jambo la kuzingatia katika kisa hiki ni kuwa Wilson hakumpigia Smith ili amwokoe Smith. Alimpigia ili ajiokoe yeye mwenyewe. Siri ya vikundi hivi imo humo. Anayemsaidia mwenzake kukaa siku moja bila pombe hukaa siku hiyo bila pombe pia.

Hospitali ije kwanza kwa baadhi

Kabla ya kuutafuta mlango wa kikao, kuna tahadhari ambayo haifai kupuuzwa. Mtu anayekunywa kwa wingi kila siku, hasa yule ambaye mikono humtetemeka asubuhi hadi apate kileo, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani.

Pombe huzubaisha ubongo. Ubongo uliozoea kuzubaishwa kila siku hujitutumua ili uendelee kufanya kazi, na pombe inapokatwa kwa ghafla, nguvu hiyo hubaki bila kizuizi. Katika saa sita hadi 24 za mwanzo mhusika huweza kutetemeka, kutokwa jasho, kutapika na kukosa usingizi. Baadhi hupatwa na kifafa ndani ya siku mbili. Wachache, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo huku moyo ukienda mbio. Hali hiyo huweza kuua.

Madaktari wana dawa za kuivusha salama hatua hii, pamoja na vitamini ambayo walevi wa muda mrefu huwa wamepungukiwa nayo. Kwa hivyo, mwenye dalili hizo aanzie hospitalini, na aseme ukweli kuhusu kiasi anachokunywa. Kikundi hakina daktari wala dawa, na hakikusudiwi kuchukua nafasi ya hospitali.

Mlango uko wapi?

Njia ya kwanza ni simu. NACADA ina nambari ya msaada, 1192, ambayo haitozwi ada. Anayepokea simu ni mshauri, na mpigaji anaweza kuuliza mambo mawili: kituo cha matibabu kilichoidhinishwa kilicho karibu naye, na iwapo kuna kikundi cha kusaidiana katika eneo lake. Si lazima anayepiga awe ndiye mlevi. Mama, mume au mtoto aliyekomaa anaweza kupiga.

Njia ya pili ni hospitali ya umma yenye kliniki ya afya ya akili. Jijini Nairobi, Hospitali ya Kitaifa ya Mathari ina kitengo cha kuwatibu waraibu. Katika kaunti nyingine, muuguzi au mshauri wa kliniki hiyo ndiye mtu wa kuulizwa. Vilevile, vituo vya kurekebisha tabia huwatembeza wagonjwa wao katika hatua za AA, na baadhi huandaa vikao ambavyo hata waliokwisha kuondoka huvirudia. Hata asiye na uwezo wa kulipia miezi mitatu ya kulazwa katika kituo anaweza kubisha na kuuliza ni siku gani kikao hufanyika, na kama mtu wa nje anaruhusiwa.

Njia ya tatu ni mtandao. Hapa Mkenya hukumbana na tatizo dogo linaloweza kuchekesha. Akiandika AA na jina la nchi, huenda akaletewa habari za chama cha wenye magari na masomo ya udereva, kwa sababu herufi hizo mbili zimetumiwa na chama hicho kwa miaka mingi. Aandike jina kamili, Alcoholics Anonymous, kisha jina la mji wake. Akiipata orodha, apige simu au atume ujumbe kabla ya kufunga safari. Vikao hivi huendeshwa na watu wa kujitolea katika vyumba vya kuazimwa, na siku au mahali huweza kubadilika ilhali orodha haijabadilishwa.

Njia ya nne ni kumbi za makanisa na za kijamii. Vikundi vingi duniani hukutana katika vyumba vya makanisa kwa kuwa kodi yake ni nafuu. Karani wa parokia huenda akajua watu wanaokutana huko kila Jumanne jioni bila kuwa wanakwaya.

Njia ya tano ilipanuka mwaka wa 2020, janga la korona lilipofunga kumbi duniani kote. Vikundi vilihamia kwenye vikao vya video na simu, na baada ya kumbi kufunguliwa vingi viliendelea kukutana hivyo. Kwa mtu aliye mbali na mji, simu ya mkononi na vifurushi vya data vinaweza kumfikisha katika kikao usiku huo huo.

Utakayoyakuta ndani

Wengi hufika hadi langoni kisha hurudi. Wanaogopa wasichokijua. Yafuatayo ndiyo mambo ya kawaida, ijapokuwa kila kikundi kina desturi zake.

Kikao huchukua saa moja au saa moja na nusu. Viti hupangwa kwa duara au mbele ya meza ndogo. Mwenyekiti wa siku hiyo hufungua kwa kusoma maneno machache ya utangulizi, kisha waliohudhuria husimulia kwa zamu jinsi pombe ilivyowatenda na jinsi wanavyoishi sasa. Msimulizi hakatizwi, hakosolewi wala hajibiwi kwa mahubiri. Hujitaja kwa jina moja tu. Mgeni anaweza kusema jina lake na kuomba kusikiliza, na hakuna atakayemlazimisha kutoboa siri zake.

Katika vikundi vingi, anayetimiza siku au miezi fulani bila pombe hupewa sarafu ndogo ya kumbukumbu huku wenzake wakimpigia makofi. Huenda ikaonekana kama mchezo wa watoto, mpaka umwone mtu mzima akiipokea ya siku 30.

Kwa wasomaji waliozoea vyama vya akiba, ni vyema kueleza kuwa hiki si chama cha aina hiyo. Hakuna ada ya kujiunga, hakuna faini ya kuchelewa, na hakuna harambee. Mwishoni kikapu huweza kupitishwa ili kulipia chumba na chai, na asiye na kitu hupitisha kikapu bila kutia chochote. Kwa desturi yake AA hujitegemea na haipokei michango kutoka nje. Kwa hivyo, yeyote anayedai malipo ili akuingize katika kikao cha AA, mwepuke.

Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kutaka kuacha pombe. Halisemi uwe umekwisha kuacha. Aliyekunywa jana anakaribishwa leo, na aliyeteleza baada ya miaka miwili anarudi kwenye kiti chake.

Kuna pia desturi ya mgeni kumchagua mtu aliyetangulia awe mlezi wake. Kwa Kiingereza mtu huyo huitwa jina ambalo mitaani kwetu limekwisha kupewa maana ya tajiri anayewahonga wasichana. Huku halina maana hiyo. Mlezi ni yule unayeweza kumpigia simu saa moja jioni, kiu inapokukaba, akakuzungumzisha hadi ikapita. Ushauri wa kawaida ni kuwa mwanamume amchague mwanamume na mwanamke amchague mwanamke.

Mpango wenyewe una hatua 12 zilizochapishwa katika kitabu cha chama hicho mwaka wa 1939. Kwa ufupi, mhusika hukiri kuwa pombe imemshinda, hutafuta nguvu iliyo kubwa kuliko yake, huyapima maisha yake bila kujificha, huwaomba radhi na kuwafidia aliowakosea inapowezekana, kisha huwasaidia wengine. Hayafanywi yote kwa pupa. Kanuni ya kila siku ni kutokunywa leo tu. Kesho ina shughuli zake.

Je, husaidia? Mnamo mwaka wa 2020, watafiti walichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusisha zaidi ya watu 10,000. Kati ya kila watu 100 waliounganishwa na AA kupitia mpango maalumu wa ushauri, 42 hivi walikuwa hawajagusa pombe kabisa baada ya mwaka mmoja, wakilinganishwa na 35 hivi waliopata tiba nyingine za ushauri. Takwimu hizo zina funzo la pande mbili. Kikundi husaidia kweli, lakini zaidi ya nusu walikuwa wamekunywa angalau mara moja. Anayeteleza asidhani kuwa yeye pekee ndiye aliyeshindwa.

Siri, dini na aibu

Hofu kubwa ya wengi ni kutambuliwa. Mwalimu huogopa kumkuta humo mzazi wa mwanafunzi wake. Ni kweli huweza kutokea, hasa katika mji mdogo, lakini ikumbukwe kuwa mzazi huyo naye atakuwa amefuata jambo lile lile. Kutotajana nje ya kikao ni nguzo ya vikundi hivi. Isitoshe, kuna vikao vya wazi, ambavyo mtu yeyote anaweza kuhudhuria, na vya faragha, ambavyo ni vya wenye tatizo la pombe peke yao. Mwenye wasiwasi aulize kabla ya kwenda.

Hofu ya pili ni ya dini. Muislamu anaposikia kuwa kikao kiko katika ukumbi wa kanisa huenda akasita, na asiye na dini akasita zaidi. Hatua 12 zinamtaja Mungu, lakini zinamwachia kila mtu amwelewe kadiri anavyomfahamu yeye. AA haina uhusiano na dhehebu lolote. Asiyeridhika na kikundi kimoja ajaribu kingine, kwani vikao hutofautiana kama familia zinavyotofautiana. Si haki kuvihukumu vyote kwa jioni moja.

Hofu ya tatu huwaelemea zaidi wanawake. Mwanamume akilewa, jamii humcheka. Mwanamke akilewa, jamii humhukumu, na ndiyo sababu wengi hunywa wakiwa wamejifungia jikoni na kuchelewa kutafuta msaada. Mwanamke anayeona vigumu kusema mbele ya wanaume anaweza kuuliza kama kuna kikao cha wanawake, hata kama ni cha mtandaoni.

Nao jamaa wa mlevi wana kikao chao. Al-Anon ilianzishwa mwaka wa 1951, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Lois, mkewe Bill Wilson. Humo mke, mume au mzazi hujifunza kuwa hakuusababisha ulevi huo na hawezi kuuponya, na kwamba anaweza kuacha kumlipia mlevi madeni ya baa na kumdanganyia kwa mwajiri. Anaweza kuhudhuria hata kama mlevi mwenyewe amekataa katakata kwenda popote.

Na kama hakuna kikao karibu?

Yapo maeneo mengi ya nchi hii ambako chang'aa au mnazi hupatikana hatua chache kutoka nyumbani, ilhali kikao kilicho karibu kiko mji mwingine, na nauli ya kwenda na kurudi ni ujira wa siku nzima. Anayeishi huko asikate tamaa.

Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wanaokutana kwa lengo la kukaa bila pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi kikundi chao kisifungamane na jambo jingine. Hawahitaji cheti wala jengo. Wanahitaji siku maalumu, saa maalumu, mahali tulivu na ahadi ya kutunza siri. Chini ya mwembe panatosha.

Wa pili atapatikana vipi? Muuguzi wa zahanati anawajua waliokuja wakitetemeka. Padri na imamu wanawajua walioungama au kulia mbele yao. Chifu anawajua waliowahi kukamatwa. Hakuna hata mmoja wao anayepaswa kukutajia jina la mtu, lakini kila mmoja anaweza kupokea nambari yako na kumpa mhusika akitaka kukupigia. Hivyo ndivyo Wilson alivyofanya katika mji wa watu asiowajua, akiwa na sarafu mfukoni na baa mbele yake.

Kwa hivyo, wewe unayesoma haya huku ukijua kuwa yanakuhusu, usingoje hadi mwisho wa mwezi wala mwaka mpya. Ikiwa mikono hukutetemeka asubuhi, nenda hospitalini kwanza. Ikiwa sivyo, piga simu moja leo, kabla ya saa ile unayoijua wewe mwenyewe haijafika. Na ukifika mlangoni ukasikia watu wakicheka ndani, usidhani umekosea njia. Baadhi yao walikuwa wamesahau jinsi ya kucheka bila chupa, na waliyakumbuka hayo katika chumba hicho hicho.